Safari ya Kumrudisha Mama Ighunde

Tangu nirudi Tabora, haipiti siku bila mtu kuingia karakanani, kukaa juu ya mbao zangu na kuuliza yale yale. Mama alikufaje? Kwa nini nilimzika ugenini? Na kwa nini nilikawia huko hata baada ya maziko, huku nimemwachia mke wangu msiba mzima peke yake? Nimejibu mara nyingi, lakini najibu vipande vipande, maana mteja huingia, au mimi mwenyewe narudi kwenye randa. Sasa nimeamua kuyaandika yote, mpokezane msome, nami niendelee kupiga randa. Habari za kutafuta tiketi na vibali nimeziruka, hazina utamu kwa mtu yeyote.

Ninyi mlimjua kama Mama Petro wa Ng'ambo. Jina lake la kwao ni Nakijwa. Alizaliwa Ighunde, kijiji cha juu milimani Upare, upande wa Same. Aliondoka msichana, akamfuata baba yake kwenye mashamba ya mkonge, na huko akakutana na Mnyamwezi mmoja mkata mkonge, ndiye marehemu baba, aliyemleta Tabora. Hakurudi kwao tena. Kabla ya safari hii daktari alimwambia moyo wake umechoka, asijaribu hata kupanda ngazi. Alipotoka hospitali akaniambia, "Petro, nipeleke kwetu kabla hawajanikataza na kutembea." Nilimkumbusha kwamba kwao ni mlimani. Akasema anajua, yeye ndiye aliyezaliwa huko.

Tabora hadi Ruvu: debe la asali

Mama alikataa kwenda mikono mitupu. Alikuwa na ndugu mmoja tu aliyebaki, mdogo wake Elieza, na kwa ajili yake alinunua debe la asali ya kwetu. Nilimwambia asali ina uzito, akanijibu kwamba hata mimi nilikuwa mzito na alinibeba. Nikalipandisha debe kwenye treni na kuliweka juu, kwenye kichanja cha mizigo.

Dodoma alipanda bwana mmoja mrefu, amevaa koti zuri la kaki, akakaa chini ya debe letu. Hatukwenda mbali debe likaanza kuvuja. Yule bwana alijipapasa bega, akanusa vidole, kisha akatoa maneno ambayo sikuyaelewa, ila nilijua si ya kumshukuru Mungu. Mama aliruka kitini kama msichana. Lilikuwa tusi la Kipare, na hakuwa amelisikia tangu atengane na watu wa kwao. Alimsalimia kwa Kipare, akamuuliza habari za ng'ombe, za mvua, za wazee, maswali mfululizo. Bwana alimjibu kwa heshima, lakini baada ya muda akahamia Kiswahili na kubaki huko. Mama alinuna, akageukia dirisha.

Nilipomfuata yule bwana mlangoni kumwomba radhi kwa koti lake, alinieleza. Yeye ni mtu wa Lembeni, anarudi nyumbani kutoka kazini. Hakuwa na dharau hata kidogo. "Mama yako anasema maneno ya marehemu bibi yangu," aliniambia. "Mengine sijayasikia tangu nikiwa mtoto. Nilishindwa kuendelea, nikaona nitalia mbele za watu." Kisha akaniuliza mama anategemea kukuta nini huko anakokwenda. Nikasema anategemea kumkuta ndugu yake. Akasema ndugu atamkuta, hayo mengine hana uhakika, kwa sababu watu wamehamishwa, wamewekwa pamoja kwenye vijiji, na milima siku hizi ina shule na mikutano. Nilimwambia hayo ni maendeleo. Alikubali kwamba ni maendeleo.

Ruvu tulishuka kungoja treni ya kaskazini. Treni ilichelewa, jua likakaza, na nyuki wakaja kuitafuta asali yao. Mwanzo walikuja wachache, baadaye stesheni nzima ikakimbia, wenye watoto wakifunika watoto, na mkuu wa stesheni akatuamuru tulipeleke lile debe kule kwenye tangi la maji, tukakae nalo huko kama watu wenye ndui. Treni ilipofika tulikuwa mbali na hatukuthubutu kulishika debe. Ni yule bwana wa Lembeni aliyelivua koti lake, akalifunga debe lote kama mtoto mchanga, na kukimbia nalo hadi kwenye behewa. Alisema koti lilishaharibika. Mama alicheka hadi machozi, na kuanzia hapo akamsamehe kusema Kiswahili.

Korogwe hadi Same: milima upande wa kulia

Baada ya Korogwe mkonge ulianza, mistari na mistari, na mama akawa na kazi ya kunionyesha. Hapa palikuwa na kambi. Pale palikuwa na mashine. Kwenye kisima kile baba yako alinipokea ndoo bila kuombwa, na mimi nikamwambia aiweke chini. Niliuliza kama aliiweka. Akasema angeiweka, mimi nisingekuwepo.

Milima ilipotokea upande wa kulia mkonge ukasahauliwa. Mama aliitazama bila kupepesa, ikija na kupita, bluu, halafu kijani, na mawingu yameikalia juu. Mimi nimekulia kwenye tambarare, kwangu mlima ni kitu cha kukuzuia usione mbele. Yeye alikuwa akiita majina ya vilele kwa sauti ndogo, na akikosea moja anarudi kulisahihisha. Nilitamani siku hiyo baba angekuwa hai.

Same tulipokelewa na vumbi na upepo wa moto. Bwana wa Lembeni alikuwa anaendelea na treni, lakini alishuka kwa muda kutuonyesha nyumba ya mama mmoja wa Kimakonde, aliyekuja zamani na mumewe kufanya kazi ya mkonge, na sasa anapikia wasafiri. Aliagana na mama kwa Kipare, sentensi ndefu, na mama akamrekebisha neno moja. Koti lake alituachia na debe.

Kwa yule mama wa Kimakonde tuliomba ugali na mboga. Kulikuwa na makande. Kesho yake tukaomba wali, kulikuwa na makande. Alisema sukari hakuna, unga ni ule wa njano wa msaada na watu hawaupendi, lakini mahindi na maharage mlima unashusha. Mama alikula huku amefumba macho, kisha akafumbua na kusema hayakupikwa inavyotakiwa. Mwenye nyumba hakukasirika. Alimuuliza yanapikwaje, na wale wanawake wawili, mmoja kutoka kusini kabisa na mwingine kutoka Tabora, wakaingia jikoni kubishana juu ya chungu cha Kipare hadi nikasahauliwa na njaa yangu.

Lori la kupanda mlimani lilikuwa limeharibika. Kila asubuhi dereva alituambia kipuri kiko njiani. Mama alitaka twende kwa miguu kutoka Same, nikakataa katakata, akanuna. Siku lori lilipopona, alikuwa wa kwanza kukaa, debe mapajani.

Mwembe hadi Ighunde: kiti cha mgeni

Lori lilitufikisha Mwembe, na kuanzia hapo ni miguu. Nilitafuta mtu wa kubeba debe, nikalibeba mwenyewe. Wanawake wenye mizigo ya kuni kichwani walitupita wakizungumza, nami nahema kama mvukuto. Mama alipanda polepole, kituo kwa kituo, fimbo mkononi, na kila tulipopumzika alinihurumia mimi. Mifereji midogo ya maji ilikuwa ikipita kando ya njia, maji yanatembea ubavuni mwa mlima kana kwamba hayajui kushuka. Alinieleza kwamba huko juu kuna bwawa la udongo wanaloliita ndiva. Usiku linajaa, asubuhi linafunguliwa, na kila shamba lina zamu yake. Alisema Ighunde bila ndiva ni jiwe tu.

Ighunde ya sasa si ile aliyoiacha. Waliokuwa wametawanyika juu waliteremshwa karibu na shule na ofisi ya kijiji, nyumba zimepangwa kwa mistari. Mjomba Elieza alikuwa amesimama nje ya nyumba yake, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, akitazama nyuma yetu. Alikuwa anamtafuta dada yake. Mama alimwita kwa jina la utotoni ambalo sitaliandika, kwa kuwa mjomba ameniomba. Ndipo alipovua kofia.

"Shikamoo, dada," alisema, akamshika mikono yote miwili.

Ilikuwa furaha ambayo siwezi kuieleza. Kuku alichinjwa, ndizi zikapikwa, majirani wakajaa, balozi wa nyumba kumi akaja kutuona na akabaki kula. Mama aliwekewa kiti cha pekee chenye mgongo. Alipotaka kuinuka kusaidia kuosha vyombo, mke wa mjomba, ambaye wote humwita Mama Eliya, alimrudisha kitini. "Wifi, wewe ni mgeni, kaa." Asubuhi alishika ufagio, ukachukuliwa mkononi mwake kwa upole. Alitaka kwenda kuteka maji, watoto wakatumwa. Lugha yake iliwachekesha vijana, wakawa wanakuja kumsikiliza na kumwomba arudie.

Mjomba naye ni mtu wa utani. Kule kwao kuna kazi ya pamoja iitwayo msaragambo. Likilia baragumu, kila nyumba inatoa watu, wanaume wanachimba tope la ndiva na mifereji, wanawake wanaleta majani ya kuzibia mdomo wa bwawa ili maji yasivuje. Asiyekwenda anaulizwa mbele za watu. Jioni moja mjomba alimwambia mama, "Dada, tangu uondoke hujaonekana msaragambo hata mmoja. Msimamizi anakungoja." Tulicheka wote. Mama alimjibu kwamba basi walipige hilo baragumu, atakuja. Mjomba akasema wageni hawaendi msaragambo.

Tulipokwenda kulala mama alikaa muda mrefu ukingoni mwa kitanda. "Nimekuwa mgeni kwetu, Petro," aliniambia. Nilijaribu kumwambia kwamba wanampenda, ndiyo maana. Akasema anajua wanampenda, lakini anayependwa na asiyefanya kazi huyo ni mgeni, na hakusafiri njia yote ile kuja kuwa mgeni.

Ighunde ya juu: ukungu

Alichotaka ni kufika pale alipozaliwa, Ighunde ya juu, mahali zilipokuwa nyumba za zamani. Nilipinga kwa sababu ya moyo wake. Alisema tusipompeleka atakwenda mwenyewe, na mjomba akanikonyeza, maana yake huyu dada yake hatanii. Tukaondoka asubuhi sisi watatu, kuna jua safi, tumefunga viazi na makande ya jana kwenye majani ya mgomba.

Njia ilikuwa ya utelezi lakini haikuwa ya kutisha. Mama alifurahi siku ile kuliko siku zote nilizomjua. Aliligusa kila jiwe kubwa. Alimuuliza mjomba mwenye shamba hili ni nani siku hizi, na mjomba akimtajia jina anataka kujua ni mtoto wa nani, na mama yake alitoka wapi. Tulipumzika mara nyingi. Mimi nilikuwa nikimtazama midomo kama inabadilika rangi, yeye akinitazama na kuniuliza kama nimechoka.

Tulikaribia juu ukungu uliposhuka. Kwetu hakuna kitu cha namna ile. Ulikuja ukatumeza, mti uliokuwa mbele yangu ukaondoka. Mjomba alisema si kitu, ni wa kawaida, tusimame kidogo utapita. Mama akasema ana haja ndogo, tutangulie hadi kwenye kona. Tulitangulia, kama wanaume wanavyopaswa kumfanyia mama au dada, tukampa mgongo. Tulingoja. Nilikohoa ili ajue tupo. Tulipoona kimya kimezidi, mjomba aliita, nami nikaita, kisha tukarudi mbio. Fimbo yake ilikuwa imeegemezwa kwenye mti, yeye hakuwapo.

Mjomba alizunguka akakuta vijia vitatu vinaachana pale, vya zamani, vimefunikwa na nyasi. Huenda mama alikiona kimoja akakumbuka kinakoelekea, akakifuata hatua chache, na ukungu ukafanya mengine. Tuliita hadi sauti zikakauka. Mvua ndogo ilianza, ile isiyosikika. Niliogopa kiasi kwamba nilianza kumgombeza mama kwa sauti kubwa, kana kwamba amejificha makusudi. Mjomba alinishika bega. Alisema nibaki palepale njiani, yeye atateremka kijijini akawaombe wapige baragumu. Linasikika milima yote, dada atalisikia, atafuata sauti na kushuka, na atanikuta hapa. Lilikuwa wazo zuri. Hata leo naliona lilikuwa wazo zuri.

Baragumu

Nilikaa njiani, fimbo ya mama mkononi. Halafu nikalisikia. Lilitoka chini, mbali, sauti nzito ndefu inayopita kwenye ukungu bila kukatika, ikanyamaza, ikaanza tena. Nilisimama kwa furaha. Nilijisemea kwamba kokote alipo sasa anageuka, anaanza kushuka, na akifika nitamwambia maneno ambayo mtoto hapaswi kumwambia mama yake.

Hakupita mtu. Waliokuja walitoka chini, wanaume kwa wanawake, na mjomba mbele, amelowa. Aliniuliza kwa macho nami nikatikisa kichwa. Watu waligawana, wengine bondeni, wengine kando ya mto, kila mahali ambapo mtu anayefuata sauti ya kijijini angeweza kupotea. Ukungu ulikuwa umeanza kupungua. Walitafuta kwa moyo wote, watu ambao walimjua mama kwa siku chache tu, na wengine walikuwa pekupeku.

Ni mjomba aliyesimama ghafla akamtazama jirani yake mmoja. Alimuuliza kwa nini amekuja na jembe kumtafuta mtu.

"Baragumu limelia," yule jirani alisema. "Nilijua ni msaragambo. Nilipofika ofisini ndipo nikaambiwa."

Nilitazama, nikaona si yeye peke yake. Nusu ya watu walikuwa na majembe. Mjomba alikaa chini palepale kwenye matope. Alipoongea, alikuwa anasema na mimi.

"Siku hizi baragumu tunapigia kila kitu. Mkutano, chanjo, mgeni wa wilaya. Likilia unakwenda ofisini, unaambiwa. Zamani, Petro, lilikuwa na maana moja. Halikuwa linakuita kule linakopigwa."

Aliinuka na kuanza kupanda. Alipanda kama kijana, nami nyuma yake, na watu wote wakatufuata, na majembe yao, kuelekea kwenye ndiva.

Ndiva

Ukungu ulikuwa umefunguka tulipofika. Ndiva ni bwawa la kawaida, ukingo wa udongo na mawe, maji machache ya kijivu, na tope limejaa. Mama alikuwa amekaa kwenye ukingo, ameegemea jiwe, kanga yote imelowa imemganda mwilini. Mikono yake ilikuwa imechanikachanika. Miguuni pake kulikuwa na furushi la majani aliyoyang'oa, limefungwa vizuri kwa majani yenyewe yaliyosokotwa.

Mjomba alipiga magoti. Mimi nilivua shati na kumfunika, ingawa nalo lilikuwa limelowa. Mwili wake ulikuwa wa baridi sana na pumzi yake ilikuja kidogo kidogo. Lakini alitutambua, na alikuwa amekasirika.

"Elieza, mmechelewa," alisema.

"Tumechelewa, dada. Tusamehe."

"Wenzenu wako wapi?"

"Wanakuja. Watazame."

Wakawa wanatokea kwenye nyasi mmoja mmoja, na majembe mabegani. Aliwatazama wote, na uso wake ukalegea, nikaona hasira inamtoka. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe? Jembe lako liko wapi?"

"Sina, mama."

"Azima," alisema.

Hilo ndilo neno la mwisho mama aliloniambia. Walikata miti wakatengeneza machela kwa kanga za wanawake, tukambeba kwa kupokezana. Nilikuwa upande wa kichwa. Kabla hatujazifikia nyumba za kwanza, Mama Eliya, aliyekuwa akitembea amemshika mkono, alituambia tumshushe kwanza. Alikuwa ameondoka.

Mnaniuliza kama nilimlaumu mtu. Ndiyo, siku ile nilimlaumu mjomba moyoni. Lisingepigwa lile baragumu, pengine mama angebaki karibu na njia, tungempata. Mjomba hakuhitaji kuambiwa. Alikaa nje ya nyumba yake mvuani, hataki kuingia. "Nilimwita mwenyewe," alikuwa akirudia. "Dada yangu nilimwita mwenyewe." Nilikwenda nikakaa naye. Nilimkumbuka mama alivyokaa ukingoni mwa kitanda, na hasira yangu ikakosa pa kushika.

"Mjomba," nilimwambia, "mimi nilimwita hadi koo likakauka, hakuitika. Wewe uliita, akaitika."

Alilia, nami nikalia, tukaingia ndani.

Maziko, na lori lililoniacha

Sanduku nililitengeneza mimi. Mjomba alikuwa na mbao alizoziweka kwa ajili ya mlango, akazitoa zote. Waliniletea randa butu, nikainoa, na kwa muda niliokuwa nikiifanya ile kazi sikuumia sana. Mchungaji alituombea, kwaya ikaimba kwa Kipare, na mama akazikwa kando ya baba zake, huko huko juu. Asali iliyokusudiwa kuwa zawadi ndiyo iliyotia uji utamu msibani, maana sukari haikuwapo. Kila aliyeionja aliuliza imetoka wapi, na Mama Eliya akawa anawaeleza habari za nyuki wa Ruvu, kama mama alivyomsimulia.

Ilifika siku ya kuondoka. Lori lilikuwa linashuka kutoka Mwembe asubuhi ile, na baada ya hilo hakuna aliyejua jingine lini. Nilikuwa nimeshafunga mzigo, na koti la bwana wa Lembeni nimelifua, nikitumaini nitampata njiani. Tunaagana mlangoni, baragumu likalia. Mvua zilikuwa zimeisha, ndiva lazima litolewe tope.

"Wahi gari, Petro," mjomba aliniambia. "Msaragambo huu si wako. Wewe mgeni."

Niliuweka mzigo chini, nikamwomba aniazime jembe.

Tulipanda njia ileile. Juu kule wanawake walikuwa wamepanga mafurushi yao ya majani ukingoni, mabichi, yananukia. Mama Eliya aliweka lake, kisha akaenda kwenye jiwe alipokuwa ameegemea mama. Lile furushi lilikuwa bado lipo, hakuna aliyeligusa, limekauka na kugeuka rangi ya udongo, ila fundo halijalegea. Wazee wawili wa kike walilishika wakalitazama lilivyosokotwa, wakazungumza kidogo, wakaliweka kwenye mstari pamoja na mengine. Nilichimba hadi viganja vikatoka malengelenge, mimi fundi seremala niliyedhani nina mikono migumu. Vijana walinicheka nilivyoshika jembe, na mmoja akanionyesha. Lori nililisikia likinguruma mbali chini, likiondoka.

Jua lilipokuwa kichwani wanawake waliziba mdomo wa ndiva, furushi juu ya furushi, na wanaume wakashindilia udongo. Ndipo msimamizi aliposimama ukingoni kuita nyumba, moja baada ya nyingine, na kila nyumba ikajibu ni wangapi waliokuja.

"Kwa Elieza?"

"Wanne," alijibu Mama Eliya.

Nilitazama. Tulikuwa mjomba, yeye, na mimi. Msimamizi naye alitazama, akatuhesabu kwa macho, kisha akageuka kwenye mdomo wa ndiva, mahali furushi moja la kahawia lilipoonekana kati ya mabichi. Hakuuliza wa nne ni nani. Aliita nyumba iliyofuata.